Nyumba Hii Ina Mwenyewe

Mjomba wangu alisema sitamaliza hata muhula mmoja. Aliyasema hayo nyumbani kwetu Kamenu, pale Thika, akiwa amekalia kiti cha marehemu baba, mkononi kikombe cha chai ya mama yangu. "Huyu kichwa chake ni cha kuchungulia televisheni za watu dirishani," alisema. "Diploma ni ya watu wanaokaa chini wakasoma."

Nilimaliza. Miaka mitatu ya uhandisi wa umeme, na kwenye mitambo ya baridi hakuna aliyenipita darasani. Karatasi yenyewe iko ukutani kwangu hadi leo, ndani ya fremu ya kioo, na mgeni akiingia ni lazima aipite kabla hajafika kwenye kiti. Siombi radhi kwa hilo. Wanaohubiri kwamba majivuno ni dhambi, wengi wao hawana cha kujivunia.

Kisha mjomba akasema sitapata kazi ng'ambo. Nikaipata, katika nchi moja ya Ghuba, mkataba wa miaka miwili wa kutengeneza viyoyozi. Kilichobaki kilikuwa nauli na ada ya wakala, na hapo ndipo mama akaita harambee. Tulikodi hema na viti, watu wa kanisa wakaja, kikundi cha akina mama kikaja kimevaa sare. Wengi walikuja kwa moyo wa kutoa mchango, kama wanavyochangia matanga. Mama akasimama akawaambia hapana. "Hii si sadaka. Kijana wangu ana diploma. Kila atakayetoa ataandikwa, na kila aliyeandikwa atarudishiwa." Aliandika mwenyewe, katika daftari la miraba, kwa mwandiko wake wa kulala upande. Kiburi changu sikukiokota barabarani.

Mwisho wa harambee kuna mnada wa jogoo, na kwetu jogoo wa mnada hauzwi kwa bei ya jogoo. Bei hupandishwa kwa fahari. Mjomba alipandisha mpaka elfu tano, watu wakapiga makofi, naye akasema, huku amemshika jogoo miguu: "Mpwa wangu akikaa huko miaka miwili bila kurudishwa, nitamla huyu na manyoya yake!" Walicheka mpaka mchungaji. Jogoo alienda Kalimoni kwa mjomba jioni ileile. Mama akaandika katika daftari: elfu tano, ahadi.

Nilikaa miezi saba. Hilo moja mjomba alipatia, na kwa miaka mingi sijamsamehe kwa kupatia.

Sikufukuzwa kwa uvivu wala kwa kutojua kazi. Kule nilikuwa fundi kuliko mafundi. Lakini mwezi wa nne usingizi ulianza kunikimbia. Kisha chakula kikawa kama kutafuna gazeti. Kisha ikaja hofu isiyo na sura, ambayo ilinisubiri kila asubuhi kitandani kabla sijafungua macho. Siku moja nikiwa juu ya paa, nimefungua mashine ninayoijua kama kiganja changu, nilisahau skrubu inarudi wapi. Nikakaa chini, nikalia. Si kwa sababu ya skrubu. Nililia mpaka wenzangu wakapanda na kuniteremsha kama mzigo. Kule alikuwepo daktari aliyetaja ugonjwa huo kwa Kiingereza, ukasikika kama jina la dhoruba. Msimamizi wangu, mtu wa mbali kama mimi, alinifungia sanduku kwa mikono yake, akaniambia, "Nyumbani, rafiki. Nyumbani."

Nyumbani nilikuja. Ila nilishuka Ruiru.

Kutoka Ruiru hadi Thika ni nusu saa, magari yakitembea. Kwa mishahara ya Ghuba iliyobaki nilipanga chumba kimoja nyuma ya mahali pa kuoshea magari, nikajifungia, na kwa mama nikaendelea kuwa Ghuba. Simu ilikuwa na namba ya kule, na mradi kuna intaneti, namba haisemi iko wapi. Nilimtumia picha za zamani, moja kila baada ya wiki mbili: mimi na kofia ya kazi, mimi mbele ya jengo la vioo. Nilijua ni saa ngapi kule kuliko nilivyojua ni saa ngapi hapa.

Siku moja tukiongea, jogoo wa jirani akawika dirishani pangu.

"Huko pia kuna jogoo?" mama akauliza.

"Wapo, maitu. Kuna Wabangali wanafuga."

"Ngai! Na wanawika kama wa kwetu kabisa."

Akacheka. Mimi nikakata simu, nikajifunika blanketi na nguo zangu zote juu yake. Hivyo ndivyo nilivyoishi. Naandika kwa sababu wapo wanaodhani ugonjwa wa kichwa ni kuokota makopo na kuongea peke yako barabarani. Mimi nilikuwa naweka sufuria ya maji kwenye jiko asubuhi ili nioge, na maji yanachemka mpaka yanakauka, nami nimekaa kando yake nikiyaangalia. Kuoga kulikuwa safari. Kujibu salamu kulikuwa kazi ya kibarua. Mwenye nyumba alidhani mimi ni mlevi, nami nikamwacha adhani hivyo, maana mlevi ana heshima kuliko mgonjwa wa aina yangu.

Kilichonitoa ndani hakikuwa dawa wala maombi. Ilikuwa sauti. Kupitia ukuta wa mabati nilisikia watu wakipiga kelele mchana kutwa: "Nyuma yako! Angalia nyuma yako!" na kishindo cha vicheko. Siku ya nne au ya tano ya kuisikiliza sauti hiyo, nilivaa viatu.

Lilikuwa banda la muvi. Mabenchi sita, televisheni moja kubwa juu ya rafu, mapazia meusi. Mwenye banda alikuwa mwanamke mnene wa makamo ambaye kila mtu alimwita Mathee, kwa lugha ya vijana, kwa kuwa alikuwa na umri wa kuwazaa. Aliketi mlangoni na mkebe wa kupokea pesa. Shilingi ishirini, muvi moja. Nilikaa benchi la nyuma. Muvi ikaisha, ikaanza ya pili, nami sikuinuka, wala yeye hakuniuliza. Kesho yake nikarudi. Nililipa ishirini, nikakaa mpaka akafunga saa kumi na mbili. Hakuniuliza. Ikawa hivyo kwa miezi minne.

Asiyejua mabanda yetu nimweleze. Muvi hizi ni za Wachina, Wahindi, watu wa mbali, na lugha yao hatuijui. Basi yupo mtu wa kwetu anayeweka sauti yake juu ya sauti zao. Tunamwita dijei, ingawa hapigi muziki. Hatafsiri, anatunga. Jemadari wa Kichina anageuka kuwa dalali wa mashamba wa Juja, binti wa mfalme analalamikia bei ya unga, na katikati ya vita dijei anakutangazia duka lake liko wapi. Waliosoma huwacheka watu wanaotazama vitu hivyo. Mimi nimesoma, na nawaambia kwamba katika banda lile kichwa changu kilipumzika kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne wa Ghuba. Nilipenda hasa kwamba mhusika mkuu, stelingi, hakuwa na la kueleza mtu. Akipigwa mpaka akalala kwenye matope, benchi zima lilikuwa na uhakika. "Tulieni," waosha magari walikuwa wakisema huku wakitafuna njugu. "Stelingi hafi." Nilikaa gizani nikawaamini, kwa saa mbili. Kisha taa ikawashwa.

Halafu siku moja ikaletwa muvi mpya isiyo na dijei. Wachina wanaongea Kichina chao, chini kuna maandishi ya Kiingereza yanayokimbia. Dakika tano hazikuisha.

"Mathee! Huyu jamaa anasema nini?"

"Soma hapo chini, si uliendanga shule?"

"Nilienda lakini sikukaa! Turudishie mbao zetu!" Mbao ni zile shilingi ishirini.

Kwenye televisheni, mzee mmoja mwenye ndevu alikuwa amefungua mlango wake, na nje walisimama majambazi kama kumi. Mzee akanyoosha kidole, akasema maneno marefu. Nami, bila kujua kwamba nitafanya hivyo, nikasema kwa sauti kutoka benchi la nyuma: "Nendeni mkawaambie waliowatuma kwamba nyumba hii ina mwenyewe!"

Ni maneno ya mama yangu. Huwaambia kuku wa jirani wakija kudonoa mahindi yaliyoanikwa. Huwaambia hivyo kila siku, kwa ukali, kama watu wazima, na sijawahi kumsikia binadamu mwingine akisema vile na kuku.

Banda lililipuka. Nikaendelea. Nikampa jambazi mkubwa sauti ya mjomba, ile ya puani, akadai yeye ni mwanakamati. Nikampa mzee binti mwenye diploma. Muvi ilipoisha koo lilikuwa limekauka, na Mathee alikuwa amegeuka kitini ananitazama.

"Kumbe wewe unaongea?" akasema. "Miezi minne nikadhani wewe ni bubu. Nilikuwa nakuhurumia."

Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa ndipo watu hutaka kusema nilibahatika. Bahati haina diploma. Waya za banda lile zilikuwa zimefungwa kwa mifuko ya nailoni. Nilizing'oa zote nikaweka mpya. Nilitengeneza spika zilizokuwa zimekufa. Nilinunua kompyuta mbovu, nikaifufua, nikaziba kona ya banda kwa mbao na magodoro ya zamani ili sauti isivuje, nikaanza kurekodi. Mwaka mmoja, muvi arobaini na mbili. Watu walikuja kuzinakili kwenye flashi kutoka Juja, kutoka Githurai 45, na Thika yenyewe. Wanafunzi wa shule walipita barabarani wakiambiana "Nyumba hii ina mwenyewe!" Mchana nilitia sauti, asubuhi nilifunga umeme katika nyumba mpya zinazoota Ruiru kama uyoga. Pesa zikaanza kukaa.

Lakini sitadanganya kwamba nilipona. Nikishika maikrofoni, kichwa kilinyamaza. Nikiizima, kilinikuta palepale. Kulikuwa na siku nilichekesha watu arobaini, kisha nikarudi chumbani nikashindwa kuvua viatu. Na kila baada ya wiki mbili, picha ya jengo la vioo. Uongo huo ulinila kuliko ugonjwa. Nilijiambia: nikikamilisha pesa za daftari, nitaenda "kutua" uwanja wa ndege, nivae koti, niingie Kamenu kwa teksi kama mtu, niwalipe wote, na hakuna atakayejua.

Kilichoniharibia mpango huo ni majivuno yangu. Kila dijei hutangaza banda lake, nami nililitangaza kuliko wote. Katikati ya kila pigano nilisema: "Muvi hii imeletwa kwenu na dijei wa kipekee mwenye diploma, Ruiru, nyuma ya mahali pa kuoshea magari, uliza Mathee." Arobaini na mbili, zote zina maneno hayo.

Mama alikuwa mjini Thika kusaga mahindi. Kwenye kinu kuna televisheni ya kuwatuliza wanaosubiri foleni. Alisema baadaye kwamba sauti hakuitambua, nilikuwa nimeibadilisha. Alikuwa ameinamia gunia lake. Kisha Mchina mmoja mwenye upanga akawaambia maadui zake yale maneno ya mama ya kufukuza kuku.

Alisubiri mpaka tangazo. Unga akauacha kinuni.

Siku ya pili, saa nane mchana, nilikuwa ndani ya kona yangu natia sauti moja kwa moja, maana muvi ilikuwa mpya na watu walikuwa wamejaa. Kwenye kona yangu kulikuwa na kitundu cha kuonea skrini, watu sikuwaona. Stelingi alifika mlangoni pake, akawakuta maadui, nami nikavuta pumzi, na banda zima likavuta pamoja nami, maana walijua linalokuja.

"Nendeni mkawaambie waliowatuma," nikanguruma, "kwamba nyumba hii ina mwenyewe!"

Na kutoka benchi la mbele sauti ya mwanamke ikajibu, kavu, bila haraka: "Ina mwenyewe. Na mwenyewe nimefika."

Watu wakacheka wakidhani ni mzaha wa mteja. Mimi mkono ulizima maikrofoni wenyewe. Kwenye skrini Wachina wakabaki wanafungua midomo bila neno.

"Sauti! Dijei, sauti!"

"Amemeza maikrofoni huyo!"

Nilitoka nyuma ya zile mbao. Alikuwa amekaa wima, kikapu magotini, kitambaa cha kanisani kichwani, katikati ya waosha magari wawili. Alikuwa amelipa ishirini yake mlangoni kama mtu yeyote. Aliniangalia kuanzia miguuni kupanda juu, na nilijua anahesabu kilo nilizopoteza.

Mama huniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la babake. Mjomba, mtoto wa babu huyo huyo, hajaniita hivyo hata siku moja.

"Baba," akasema, "maliza kazi kwanza. Watu wamelipa."

Nikarudi, nikamaliza. Saa moja na robo. Sikumbuki hata neno moja nililosema, ila Mathee anasema watu walicheka.

Chumbani kwangu alitoa nduma na chai ya chupa, akaitazama diploma ukutani, kisha blanketi sakafuni, kisha mimi.

"Ulirudi lini?"

"Mwaka na nusu, maitu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Kila jioni," akasema, "wakisoma habari nilikuwa nangoja hali ya hewa. Wanaonyesha miji ya nje. Wakisema huko ni digrii arobaini na tano, nalala nikisema mtoto wangu anaungua. Mwaka na nusu naombea jua la watu." Akamimina chai. "Na hawa Wabangali wa jogoo?"

"Ni wa jirani hapo."

"Nilijua jogoo huyo ni Mkikuyu."

Hatukucheka. Tulikula nduma. Jumanne iliyofuata alinipeleka kliniki, akakaa nami kwenye foleni akifuma kofia, na daktari akautaja ugonjwa kwa Kiswahili cha kawaida na kunipa vidonge ninavyovimeza hadi leo, ambavyo hukausha mdomo. Kwa mtu wa kazi yangu, hilo si jambo dogo.

Siri ikaisha. Thika nzima ilijua: yule wa Ghuba alikuwa Ruiru anapiga kelele kwenye sinema. Mjomba alisema alijua zamani kwamba kichwa changu hakiko sawa, kwamba ni laana, na kwamba mama alipe madeni kwa kuuza shamba, maana kichaa halipi. Maneno hayo yaliletwa kwangu yakiwa bado moto. Nilirekodi muvi kumi na nane zaidi na kufunga umeme katika ghorofa mbili, nikiwa na siku nzuri na siku za maji kukauka jikoni, na siku hizo za pili nilikwenda kazini hivyo hivyo, sijaoga. Asiyejua gharama ya hilo asiniambie kuhusu bidii.

Siku ya kulipa ilikuwa Jumapili baada ya ibada, uani kwetu, hema lilelile. Niliweka meza. Mama akafungua daftari la miraba akasoma, nami nikalipa, kutoka wa kwanza. Kikundi cha akina mama. Mchungaji. Jirani wa mitumba, aliyesema "Asante, na pole kwa kichwa," kwa sauti ya kusikika barabarani. Hakuna aliyeniuliza niliugua nini. Mmoja aliuliza kama kuna riba.

Mjomba alikuwa kwenye foleni.

Mama alifika kwenye mstari wake. Kidole chake kikasimama juu ya neno ahadi. Elfu tano zile hazikuwahi kuja, jogoo alikwishaliwa. Mama akaniangalia, naye mjomba akatazama hema, kana kwamba anakagua mishono.

"Soma, maitu," nikasema.

"Elfu tano," akasoma. Neno la pili hakulisoma.

Nikahesabu noti kumi za mia tano, nikampa kwa mikono miwili kama inavyompasa mjomba. Nilitaka azikatae. Nilimpa nafasi; nilishika noti zile kitambo. Alizipokea. Akalowesha kidole kwa ulimi, akazihesabu moja moja mbele ya watu, akazitia mfukoni.

"Ziko sawa," akasema.

Daftari likafungwa. Watu wote wamelipwa, chai imemiminwa vikombeni, na sasa, baada ya miaka ya kunisema, walikuwa wachangamfu. Mjomba ndiye aliyeanza. "Hebu tufanyie basi ile ya sinema. Ile ya nyumba hii. Watoto wanaisema kila mahali!" Wengine wakadakia: ndiyo, ile, tusikie tucheke.

Nikasimama nyuma ya meza tupu. "Banda langu ni la kulipia," nikasema. "Hamsini kwa kichwa."

Wakacheka. Nikasubiri. Kicheko kikapungua, mtu mmoja mmoja akaanza kutazama chai yake. Mifuko iliyojazwa na mimi dakika chache kabla haikutoa shilingi.

Mama akafungua fundo la kitambaa chake, polepole, akatoa noti ya hamsini iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani. Kisha akavuta kiti mpaka mbele, akaketi wima, kikapu magotini.

Nikaichukua noti. Nikavuta pumzi.